Mtoto mchanga na usingizi: la kutarajia na la kufanya miezi mitatu ya mwanzo

Kila anayeingia kumwona mzazi huja na maswali mawili: ananyonya? Analala? La kwanza hujibiwa haraka. La pili ndilo linalomfanya mama wa wiki tatu ainamishe kichwa na kusema, "Bado anatusumbua," utadhani mtoto alipewa mtihani akafeli. Mwongozo huu ni wa mama huyo, wa baba wa mtoto, na wa yeyote anayelala nao nyumba moja. Hauna mbinu ya kumlaza mtoto wa wiki tatu usiku kucha, kwa sababu mtoto wa umri huo hakuumbwa kulala usiku kucha. Una namna ya kupanga kitanda, watu na saa za nyumba ili mtoto awe karibu na mwili wa mtu, awe salama, na mama naye apate usingizi hata kama ni wa vipande.

Nazungumzia mtoto aliyetimiza siku zake na mwenye afya. Njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, ana masharti yake, na nitayataja panapohusika.

Hatua ya 1: Rekebisha hesabu kwanza

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja masaa 14 hadi 17 ya usingizi kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, usingizi wa mchana ukiwa ndani yake. Huo ni usingizi mwingi kuliko wa mtu yeyote hapo nyumbani. Kinachochosha ni mgao wake: dakika arobaini sasa, masaa mawili baadaye, mchana na usiku bila kubagua. Melatonini, homoni inayotuletea sisi usingizi giza likiingia, yeye huanza kuitoa kwa mpangilio mnamo mwezi wa pili au wa tatu. Kabla ya hapo saa tisa usiku na saa tisa alasiri kwake ni mamoja.

Tena usingizi wenyewe ni mwepesi. Takriban nusu yake ni ule wa macho kuchezacheza chini ya kope. Mtoto anakunja uso, anatabasamu, anaguna, ananyonya hewa, pumzi inakwenda mbio kisha inatulia. Wengi humnyanyua hapo wakidhani ameamka, kumbe ndiyo wanamwamsha. Ukisikia mguno, weka kiganja kifuani pake na umtazame macho. Akiwa bado ameyafumba, mwache amalize. Akianza kugeuza kichwa huku na huku, kulamba midomo na kupeleka ngumi kinywani, huyo ana njaa. Mpe titi hapo hapo, usingoje alie. Mtoto aliyekwisha pandisha kilio hushika titi kwa tabu, na mtachelewa kulala wote wawili.

Sasa hiyo sifa ya "analala usiku kucha" ina kipimo gani? Watafiti wawili wa London, Moore na Ucko, walipoandika juu ya jambo hili mwaka 1957, usiku kucha kwao ulikuwa kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Masaa matano basi. Na kwa kipimo hicho chepesi, watoto karibu watatu katika kila kumi walikuwa hawajafika wakiwa na miezi mitatu, na karibu nusu ya waliofika walirudia kuamka kabla ya mwaka kwisha.

Karibu zaidi na kwetu kuna Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, ambako Charles Super na Sara Harkness walikaa miaka ya 1970 wakiangalia malezi. Watoto wa pale walilala na mama zao, wakanyonya kila walipotaka, mchana wakabebwa na mama au dada. Wakiwa na miezi minne, wenzao wa Marekani walikuwa wakiunganisha hadi masaa manane. Wa Kokwet kipande chao kirefu kilikuwa masaa manne na kitu, na kikabaki hivyo miezi kadhaa mbele. Ila mama wa Kokwet hakuwa na ofisi ya kufika saa mbili asubuhi, na hapo ndipo penye kiini cha ugomvi: mara nyingi saa za mtoto ni za kawaida kabisa, za kazi yako ndizo hazimngojei. Ukilijua hilo utaacha kutafuta dawa ya mtoto, utatafuta msaada wako wewe.

Hatua ya 2: Wiki mbili za mwanzo, ogopa usingizi mwingi

"Mtoto wake mpole, hata humsikii." Sifa hii husemwa sana siku za mwanzo, nami huniogopesha. Kichanga asiyedai titi anaweza kuwa na manjano, maambukizi, au hana nguvu tu kwa sababu hajashiba, na kadiri asivyoshiba ndivyo anavyozidi kulala.

Kwa hiyo, mpaka arudishe uzito wa kuzaliwa, usimwache apitishe masaa matatu hivi bila kunyonya, usiku na mchana. Ni kawaida apungue kidogo siku za kwanza, lakini isizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na kufikia wiki ya pili awe amerudi. Kadi ya kliniki itakuonyesha. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku. Kuanzia siku ya tano nepi zilizolowa mkojo ziwe sita au zaidi kwa siku nzima. Zikipungua, hesabu ya usingizi iweke kando, mpeleke akapimwe.

Kumwamsha mtoto mzito wa usingizi si kumtikisa wala kumrushia maji. Mvue nguo abaki na nepi, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mpapase nyayo na uti wa mgongo, mkamulie tone la maziwa mdomoni. Akisinzia katikati ya kunyonya, mtoe, mcheulishe, mbadilishe nepi, kisha mpe titi la pili.

Maji, glukosi na uji mwepesi wa "kumshikilia" havimo humu. Maziwa ya mama peke yake yanamtosha miezi sita. Uji kwa mtoto wa mwezi mmoja haununui usingizi, unanunua kuharisha.

Jambo jingine ambalo akina baba wengi hawaambiwi: kunyonya usiku ndiko kunakoendesha kiwanda cha maziwa. Prolaktini, homoni ya maziwa, hupanda zaidi usiku. Na familia inayotegemea kunyonyesha kama uzazi wa mpango wa miezi sita ya kwanza inahitaji masharti matatu yatimie pamoja: mtoto hajafika miezi sita, hedhi haijarudi, na anaishi kwa titi tupu bila mapengo marefu, yaani isizidi masaa manne mchana na sita usiku. Anayetamani mtoto alale masaa kumi mfululizo ajue na hilo pia.

Hatua ya 3: Mweke mwilini, usijali maneno ya mikono

Tumboni mtoto hakuwahi kuwa peke yake hata dakika moja. Alibembezwa na mwendo wa mama mchana kutwa, alisikia moyo na sauti yake. Anapotolewa na kulazwa kwenye shuka baridi chumba kimya, kulia ndiyo njia pekee aliyo nayo ya kuuliza mtu yuko wapi.

Habari ya kifua cha mama imepimwa vizuri kwa watoto dhaifu kuliko wote. Mwaka 1978 mjini Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria, akiwa na hospitali iliyofurika na uhaba wa mashine za joto, alianza kuwaweka njiti vifuani mwa mama zao. Ndiyo ile huduma tunayoiita kangaroo. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Ya kwetu ilikuwa Muhimbili. Watoto wa kilo moja hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie, vifo vyao katika siku 28 vilikuwa pungufu kwa robo kulinganisha na waliotenganishwa na mama kwanza. Ikiwa kifua kinamwokoa wa kilo moja na nusu, sioni kitamharibu vipi wa kilo tatu. Mwenye njiti nyumbani aendelee na kangaroo kama alivyoelekezwa wodini. Shirika hilo linapendekeza masaa 8 hadi 24 kwa siku, mengi kadiri iwezekanavyo.

Kwa mtoto wa kawaida haihitaji saa wala ratiba. Baada ya kuoga, kabla ya kumvisha, kaa naye kifuani akiwa na nepi tu, wewe umejifunika kanga mabegani. Baba afanye vilevile. Kifua chenye manyoya hakina kasoro, na mtoto hujifunza harufu ya baba hapo, si siku atakapoanza kutembea.

Halafu litakuja lile neno: "Unamzoesha mikono huyo." Litatoka kwa mama mkwe, kwa shangazi, hata kwa jirani aliyekuja kuazima beseni. Mwaka 1986 Hunziker na Barr wa Montreal walichapisha jaribio: kundi moja la wazazi liliombwa limbebe mtoto kwa muda mrefu zaidi kila siku, hata kama halii. Walipofika wiki ya sita, watoto wale walilia kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao. Walibebwa zaidi, wakalia kidogo. Lakini sikushauri umsomee mama mkwe asilimia. Mwambie, "Mama, naomba unishikie kidogo nikaoge." Atamchukua, atamwekea kidevu begani, ataanza kuimba, na utakaporudi na nywele zimekauka atakuwa bado amemshika, hataki kumtoa. Mikono anayoizoea ni ya watu wake.

Mikono ikichoka kuna mbeleko. Kwa mtoto ambaye shingo haijakaza, mfunge mbele. Chukua kanga ya pamba iliyofuliwa mara nyingi, isiyoteleza. Mweke wima, tumbo lake kwenye kifua chako, miguu imekunjika kama chura na magoti yakiwa juu kidogo ya makalio. Ipandishe kanga kutoka chini ya makalio hadi usawa wa masikio, ivute ikaze mgongoni mwake, kisha fundo likae begani au ubavuni pasipokuumiza. Sasa kagua. Unauona uso wake wote bila kufunua kitu? Ukiinamisha kichwa kidogo unambusu utosini? Vidole viwili vinaingia kati ya kidevu chake na kifua chake? Kidevu kikiwa kimegandamana na kifua, njia ya hewa imekunjika. Fungua, anza upya. Ukimbeba hivyo fagia, anua nguo, tembea sokoni, ila usisogee jiko la mkaa wala karai la mafuta. Mgongoni ngoja shingo ikaze, mwezi wa nne hivi. Najua huku kwetu wengi humpandisha mapema. Anayefanya hivyo kanga ifike kisogoni na asifunikwe uso, hata jua likiwa kali, chukua mwavuli.

Hatua ya 4: Namna ya kumlaza bila kumwamsha

Hapa ndipo watu hupoteza nusu saa nzima ya kazi. Mtoto amelala mikononi, unamlaza, macho yanafunguka.

Timu ya Kumi Kuroda, Japani, ilipima jambo hili na kuchapisha mwaka 2022. Mtoto anayelia hutulia akibebwa na mtu anayetembea, na karibu nusu yao hulala ndani ya dakika tano. Akilala, usimlaze papo hapo. Kaa naye dakika tano hadi nane ili usingizi uingie, ndipo umshushe. Waliona moyo wa mtoto hushtuka pale mwili wake unapoanza kuachana na wa mlezi, kabla hata mgongo haujagusa godoro.

Kwa hiyo tembea kwa mwendo wa kawaida, usirukeruke. Kaa. Inua mkono wake uuachie: ukianguka kama kitambaa, amezama. Inama mpaka kifua chako karibu kiguse godoro, ukiwa naye bado. Tanguliza makalio, kisha mgongo, kichwa mwisho. Toa mkono wa chini polepole na uuache wa juu kifuani pake, ukizuia mikono yake isirushwe hewani kwa ule mshtuko walio nao vichanga wote. Ngoja mpaka pumzi iwe ya sare. Shuka likiwa la baridi, huko Njombe au Limuru, lilalie wewe kwanza lipate joto.

Ikishindikana mara mbili, usifanye mashindano. Mpokezane, mwingine akae naye amemkumbatia akiwa macho, wewe ukalale.

Hatua ya 5: Kitanda, chandarua na hewa

Hii ndiyo sehemu nisiyotaka uiruke, na ukibandika kitu kimoja mlangoni, kibandike hiki.

Chali. Kila usingizi, mchana na usiku, mtoto alazwe chali. Si kifudifudi, wala ubavu, kwa sababu ubavuni hubingirikia tumboni. Uingereza ilipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, vifo vya ghafla vya vichanga vilipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache. Hofu ya kina bibi kwamba atapaliwa na maziwa inaeleweka, lakini mtoto akiwa chali koo la hewa liko juu ya koo la chakula, na akicheua hukohoa au humeza. Akiwa kifudifudi ndipo mambo hugeuka. Kichwa kikianza kubonyea nyuma, mlaze kifudifudi akiwa macho, wewe ukiwa mbele yake, dakika chache mara kadhaa kwa siku.

Godoro gumu kiasi, tambarare, bila mto. Wala mto ule wa kutengeneza kichwa, wala mito miwili ya kumzuia pembeni, wala blanketi la manyoya alilotumiwa zawadi. Vitu hivyo vinampendeza mpiga picha. Shanga, uzi au hirizi ya shingoni ivuliwe anapolala. Ukitaka kuiacha kwa imani yako, ishonee nje ya mlango au iwe mbali na mtoto, isiwe kamba shingoni.

Alale chumba chenu miezi sita ya mwanzo. Salama zaidi ni kitanda chake kidogo kilichosogezwa ubavuni kwako. Lakini tuseme ukweli: nyumba nyingi za Afrika Mashariki mtoto analala kitanda kimoja na mama, na kitanda cha mtoto kimejaa nguo zilizokunjwa. Ikiwa ndivyo, panga kwa makusudi kuliko kusinziana kwa bahati mbaya. Mtoto awe upande wa mama, asiwe kati ya baba na mama, wala karibu na kaka yake wa miaka mitatu anayelala akipiga mateke. Mama alale ubavu akimwelekea, magoti amekunja, mkono ukiwa godoroni mbele ya utosi wa mtoto, ule mkao ambao anayenyonyesha huuchukua bila kufundishwa. Mito na shuka zito vikae mbali na uso wake. Pengo kati ya godoro na ukuta lizibwe, au godoro lishushwe sakafuni mbali na ukuta.

Wapo ambao wasilale naye kitanda kimoja kabisa: mvuta sigara, hata kama havutii chumbani, aliyekunywa pombe, aliyemeza dawa inayoleta usingizi, na wenye mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 au chini ya kilo 2.5. Hao wamlaze kwenye kitanda chake, karibu na chao. Na kwenye kochi asilale naye mtu yeyote. Ukiona unasinzia kochini saa tisa usiku, hamia kitandani, maana mtoto hutumbukia kati ya mto wa kochi na mwili wako, na wewe hujui.

Chandarua chenye dawa, kile ulichopewa kliniki, kinafaa kwa kichanga. Kipya kianike kivulini siku moja kabla ya kukitumia. Kichomeke chini ya godoro pande zote, na kisilegee kumfikia usoni. Vile vidogo vya mwavuli ni vizuri kwa usingizi wa mchana, ilimradi visiwe na matundu na mtoto asiguse wavu.

Hewa. Katika nyanda za baridi kuna watu huingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto apate joto. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na imemaliza familia nzima zikiwa zimelala. Jiko lisiingie chumbani hata kama "limeshaiva." Ukitaka joto, ngozi kwa ngozi chini ya blanketi lako ukiwa macho inatosha. Pwani nako kuna udi na ubani wa siku arobaini. Mzazi afukizwe, nguo zifukizwe, chumba kinukie, ila mtoto awe chumba kingine mpaka moshi utoke.

Kisha joto la kupita kiasi. Dar es Salaam na Mombasa mwezi wa Februari utamkuta mtoto ana kofia, sweta, soksi na blanketi, na mama anajipepea. Gusa shingo yake nyuma: ikiwa na jasho, punguza. Vidole vya mkono kuwa baridi si kipimo. Ndani ya nyumba anapolala, kofia haihitajiki kwa mtoto aliyetimia. Ukimviringisha kanga, iwe moja nyepesi, mikono imetulia lakini miguu ina nafasi ya kukunjika na kutanuka, maana kuinyoosha na kuifunga kunaumiza nyonga.

Hatua ya 6: Mfundishe mchana, usiku utajifundisha

Ule utaratibu wa kukaa ndani siku arobaini na mapazia yameshushwa humpumzisha mama, lakini humnyima mtoto dalili za mchana. Asubuhi fungua dirisha, kaa naye mwangani, sauti za nyumba ziendelee: redio, masufuria, watoto wa jirani. Usiku iwe kinyume. Taa hafifu, tena isiyomwelekea. Usimsemeshe sana, usibadilishe nepi kama ni mkojo kidogo tu, na usifungue simu, kwani mwanga wake unakuamsha wewe. Nyonyesha, mcheulishe, mlaze. Maziwa ya usiku yana melatonini ya mama ndani yake, kwa hiyo anakopeshwa usingizi mpaka awe na wa kwake.

Hatua ya 7: Kilio cha jioni

Kuanzia wiki ya pili au ya tatu watoto wengi huanza kulia jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa nne usiku, bila sababu unayoiona. Hukazana hadi karibu wiki ya sita, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Amekula, hana homa, analia tu. Hapo ndipo chupa za dawa ya mchango huanza kupita mlangoni.

Usimpe. Hujui kilichomo wala kipimo chake. Na dawa za mafua au za mzio zinazoleta usingizi, ambazo watu hunong'onezana kwamba "tone moja tu analala fofofo," zinaweza kumpunguzia pumzi mpaka ikasimama. Asali kwenye chuchu nayo isubiri atimize mwaka.

Fanya haya kwa mpangilio: titi tena, hata kama ametoka kunyonya sasa hivi, kwani jioni watoto hunyonya kwa kurundika. Kisha mcheulishe. Kisha mbeleko na kutembea nje ya nyumba, upepo wa jioni husaidia wote. Kisha maji ya vuguvugu. Kisha mtu mwingine. Ukihisi hasira inapanda mpaka mikono inakaza, mlaze chali mahali salama, funga mlango, toka nje dakika tano. Kulia dakika tano hakumdhuru. Kutikiswa kunapasua mishipa ya ubongo.

Hatua ya 8: Usingizi wa mama una zamu zake

Ule ushauri wa "lala mtoto akilala" unapendeza mpaka ukumbuke nguo za kufua. Kinachofanya kazi ni zamu. Mchague kipande kimoja cha masaa manne au matano ambacho mama hatagusa kitu isipokuwa kunyonyesha. Kwa familia nyingi saa mbili usiku hadi saa saba panafaa: mama anaingia kulala mapema, baba au bibi anakaa na mtoto kifuani, anampeleka anyonyeshwe amelala, anamtoa, anamcheulisha, anaondoka naye.

Desturi zetu zilikuwa na jibu tayari. Siku arobaini za mzazi, za kukandwa, mtori na uji wa pilipili manga, zilikuwa mpango wa kumpa mwanamke mikono ya ziada. Mjini zimebaki picha na vitenge vya sare. Mgeni akija akauliza alete nini, mwambie alete chakula kilichopikwa, au akae na mtoto saa moja. Mgeni anayetaka chai apikiwe na mwenyeji mwingine. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mmoja. Kenya ni miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba. Baba mwenye wiki mbili azitumie usiku, kwa sababu mchana watu hujitokeza wenyewe.

Aliyejifungulia ughaibuni, Minneapolis au Muscat, bila mama wala shangazi ana kazi kubwa zaidi. Apange na marafiki wawili watatu, kila mmoja siku yake, kabla ya kujifungua. Nesi wa huko akiuliza mtoto analala wapi, mwambie ukweli. Akijua kwamba mnalala pamoja atakueleza namna ya kupunguza hatari. Ukimficha, ataishia kukupa karatasi.

Na mama akiwa halali hata mtoto anapolala, analia kila siku, hamtaki mtoto au anaogopa atamdhuru, na hali hiyo imepita wiki mbili, hiyo ni sonona ya uzazi. Ina matibabu. Akiongea peke yake, akisikia sauti au akisema mambo yasiyoeleweka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Usingoje asubuhi ukiona haya

Mtoto anakataa kunyonya au ananyonya kwa unyonge usio wa kawaida. Haamki hata ukimvua nguo. Anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Ana degedege. Mwili wa moto, au wa baridi usiopata joto hata kifuani. Manjano yamefika viganjani na nyayoni. Kitovu kina usaha au wekundu unaosambaa. Kilio kimebadilika kikawa chembamba cha juu. Mbebe ngozi kwa ngozi njiani, na mnyonyeshe kama anaweza.

Mwezi wa tatu na kuendelea

Kipande kimoja cha usiku huanza kurefuka, mara nyingi kile cha mwanzo. Watu hufurahi, kisha mnamo mwezi wa nne mtoto anarudi kuamka ovyo, kwa sababu usingizi wake unabadilika kufanana na wa mtu mzima na dunia imeanza kumvutia. Hakuna ulichokosea, na si dalili ya njaa ya uji.

Siku utakapomwona anajaribu kujibingirisha, acha kumviringisha kanga usiku huo huo, mikono iwe huru. Kagua upya pengo la ukutani, shusha godoro kama lilikuwa juu, na usimwache tena katikati ya kitanda kikubwa ukaenda jikoni. Endelea kumlaza chali. Akijigeuza mwenyewe, na anaweza kujirudisha, mwache alale alivyochagua.